Jack Russell si Jina la Mbwa Tu: Hii Hapa Story ya Pasta Aliyetumia Chapaa Yote kwa Mbwa

Kama umewahi kuona The Mask, ile filamu ya Jim Carrey ya 1994, basi unamjua Milo. Kale kambwa keupe chenye mabaka ya kahawia, kanakoruka ovyo na kuchukua ile barakoa mdomoni kama kako kwa mchezo wa boli. Aina ya mbwa huyo inaitwa Jack Russell. Ukipita mitaa ya wadosi utakapata kamefungwa kamba, kanabwekea kila bodaboda inayopita.

Wasee wengi hudhani Jack Russell ni jina tu, kama vile mtu anaita mbwa wake Simba au Tommy. Tulia nikushow. Jack Russell alikuwa msee kabisa. Alikuwa pasta wa Anglikana, alilala na kuzikwa Uingereza, na maisha yake yalikuwa na ngori za kutosha kutoa series mbili. Na ukishajua story yake, hako kambwa hutakaangalia vile tena.

Jina lake kamili ni John Russell. Jack ni lile jina la mtaani tu. Alizaliwa Desemba 1795, Dartmouth, mji wa bandari katika kaunti ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Devon ni ocha ya ukweli. Milima milima, mvua, ua wa miti kila shamba, na kondoo kushinda watu. Mzae wake alikuwa pasta pia, na mzae huyo alipenda kuwinda na mbwa. Kwa hivyo kijana alikua akiona vitu viwili nyumbani: Biblia na mbwa. Vyote viwili vikamwingia damuni, lakini moja ilimwingia zaidi. Utaona ni ipi.

Alipelekwa shule ya Blundell's, mji wa Tiverton. Shule ya heshima, mwalimu mkuu mkali, kiboko hakikuwa mbali. Huko kijana akafanya kitu ambacho wewe na mimi tungefukuzwa kabla ya saa nne asubuhi: alifuga mbwa wa mawindo kisiri. Si mmoja, kundi! Mwalimu mkuu akajua, na Russell alikosa kufukuzwa kwa kanyoya. Lakini usimdharau, kichwani alikuwa fiti. Alipata ufadhili wa masomo na akaingia Exeter College, Oxford. Eeh, ile Oxford yenyewe.

Na hapo ndipo mambo yanaanza.

SIKU ALIYOKUTANA NA TRUMP

Akiwa karibu kumalizana na campo, mwaka unaotajwa sana ni 1819, Russell alikuwa anatembea kuelekea kijiji cha Marston, pale nje kidogo ya Oxford. Njiani akakutana na muuza maziwa. Msee wa maziwa hakuwa na maneno, lakini alikuwa na mbwa jike mdogo, mweupe. Mabaka ya kahawia juu ya kila jicho na sikio, na kidoti kimoja cha ukubwa wa sarafu pale mkia unapoanzia.

Russell akasimama. Alivyomwona tu, roho ikakwama. Hakuenda mbele wala kurudi nyuma hadi muuza maziwa akakubali kumuuzia. Maziwa yaliendelea na safari, mbwa akaenda na kijana wa campo.

Jina la huyo mbwa? Trump. Usicheke, hii ni karne ya 19. Enzi hizo kumwita mtu au mnyama trump ilikuwa sifa, kama kusema huyu ni karata ya ushindi.

Huyu Trump ndiye anayehesabiwa kuwa mama wa ukoo wote wa Jack Russell. Kila kambwa unakoona kwa runinga, story yake inarudishwa hadi hiyo asubuhi ya maziwa.

Lakini ngoja. Mbona Russell alichizi hivyo juu ya mbwa wa muuza maziwa? Hapo lazima nikueleze kazi ya hawa mbwa, la sivyo utadhani jamaa alikuwa anatafuta rafiki wa kupiga naye picha.

KAZI YA CHINI YA ARDHI

Hawa mbwa wadogo wanaitwa teria. Jina linatoka kwa neno la Kilatini terra, yaani ardhi. Ni mbwa wa kuingia chini ya ardhi. Kazi yao huko mashambani Uingereza ilikuwa kupambana na wanyama waharibifu: panya kwa ghala la nafaka, na zaidi ya wote, mbweha.

Mbweha wa huko ni mwekundu, mkia mnene kama ufagio, na ni ndugu wa mbali wa mbweha wetu wa hapa. Ujanja ni ule ule. Usiku mmoja akiingia kwa banda la kuku anaweza kuua wengi kushinda wale anaokula. Wakati wa kondoo kuzaa anazunguka akitafuta mwana-kondoo dhaifu. Mkulima akiamka asubuhi anakuta manyoya tu. Kama umekulia ocha na kuku wa shosho wamewahi kupita na mwewe au kicheche, hayo machungu unayajua.

Sasa mbweha akikimbizwa na mbwa wakubwa anafanya nini? Anaingia shimoni. Mbwa wakubwa hawatoshei. Watabweka pale mlangoni hadi jioni na mbweha amejilalia huko ndani. Ndio maana unahitaji teria. Huyu anaingia gizani peke yake, anatambaa kwa handaki jembamba, anakutana uso kwa uso na mnyama mwenye meno, na hana nafasi hata ya kugeuka. Anachofanya ni kubweka na kusumbua hadi mbweha aone heri atoke nje. Asipotoka, watu walio juu wanasikiliza sauti ya mbwa na kuchimba kwa sepetu kuifuata.

Fikiria umbo linalohitajika hapo. Kifua kiwe chembamba, la sivyo mbwa anakwama na kudedi huko chini. Miguu iwe mirefu kiasi, maana kabla ya shimo ana maili kadhaa za kukimbia akifuata farasi. Rangi iwe nyeupe, ili mbwa wakubwa wasimchanganye na mbweha anapotoka shimoni akiwa amejaa matope na harufu. Na moyo? Moyo uwe mkubwa, lakini akili iwe kubwa zaidi. Russell hakutaka mbwa wa kuua. Alijivunia kwamba mbwa wake hawakuzoea kuonja damu. Mbwa anayeua mbweha shimoni amemaliza mchezo. Mbwa anayemtoa nje akiwa mzima ndiye fundi.

Sasa rudi kwa Trump. Kimo chake kilikuwa kama cha mbweha jike aliyekomaa. Yaani, popote mbweha anapopita, Trump anapita. Ndiyo maana jamaa hakumwacha muuza maziwa aende. Aliona chombo cha kazi, tena kimekamilika.

PASTA WA MBWA

Russell akawa shemasi 1819 na kasisi 1820. Kituo chake cha kwanza kilikuwa George Nympton, karibu na mji wa South Molton, hapo hapo Devon. Doo ilikuwa kidogo, lakini tayari alikuwa na kundi la mbwa wa kuwinda fisi maji mtoni. Vipaumbele, si ndio?

1826 akaoa. Mresh alikuwa Penelope Bury, binti ya admirali wa jeshi la majini. Familia ya Penelope ilikuwa na kitu mfukoni, na Penelope mwenyewe alipenda mawindo. Kwa hivyo hakuoa mtu wa kumuuliza kwa nini kuna mbwa jikoni. Lakini pia ina maana kwamba hakukuwa na mtu wa kushika breki. Kufuga mbwa wa mawindo na farasi ni gharama ya kila siku, na kwa miaka, pesa za nyumba hiyo ziliingia kwa matumbo ya mbwa.

Baada ya ndoa walihamia Iddesleigh, na huko Russell akakutana na ugomvi ambao hakuna mtu angeutarajia. Wewe ungedhani wakulima wangempokea kwa shangwe: pasta amekuja na mbwa wa kumaliza mbweha! Sivyo. Wakulima walitaka mbweha afe, kwisha. Sumu, mtego, bunduki, sepetu, chochote. Inasimuliwa kwamba theluji ikianguka na nyayo za mbweha zionekane, kengele ya kanisa iligongwa ili wanaume watoke wote wamuue.

Na usishangae kengele ya kanisa kuhusika. Tangu sheria ya 1566, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, wazee wa kanisa kila parokia ndio waliolipa watu kwa kuua wanyama waharibifu. Kichwa cha mbweha kimoja kilikuwa peni 12. Yaani kanisa ndilo lilikuwa ofisi ya kupambana na wanyama waharibifu, na mhasibu wake.

Halafu akaja Russell, pasta, anawaambia wasiue mbweha. Kwa nini? Kwa sababu mbweha wakiisha, mawindo yameisha. Yeye na matajiri wenzake walitaka mbweha wabaki wa kutosha, wakimbizwe kwa utaratibu, kwa farasi na tarumbeta. Mkulima anahesabu kuku waliokufa, pasta anahesabu siku za kuwinda.

Hapa lazima tuongee ukweli. Watu hupenda kusema mawindo ya mbweha Uingereza yalikuwa njia ya kusaidia wakulima. Kwa sehemu yalisaidia, ndiyo. Lakini ukiangalia Iddesleigh, unaona kwamba mkulima alikuwa na njia yake ya bei rahisi, na aliombwa aiache ili wengine wapate mchezo. Russell alikuwa na ulimi mtamu na alipendwa, na polepole wakulima wakamwelewa, wengine wakaanza hata kuwinda naye. Lakini hilo swali halikuwahi kuisha: huyu mbwa ni wa kazi au wa starehe? Shika hapo, tutarudi.

ASKOFU ALIVYOMKALIA

Mwanzoni mwa miaka ya 1830 Russell akapewa kanisa la Swimbridge, kaskazini mwa Devon, na akakaa hapo zaidi ya miaka 45. Mshahara haukufika pauni 200 kwa mwaka. Bosi wake alikuwa Askofu Henry Phillpotts wa Exeter, msee mkali ambaye hakuona mantiki ya kasisi kushinda porini na mbwa.

Askofu alimkalia kabisa. Alimtaka aachane na mbwa. Kuna wakati ilidaiwa kwamba Russell alikataa kumzika mtoto siku fulani kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya mawindo. Hiyo si tuhuma ndogo kwa kasisi, hiyo ni kumaliza kazi. Akaitwa kujitetea. Kesi ikaporomoka pale mama wa huyo mtoto alipotokea na kusema haikuwa hivyo hata kidogo. Russell akatoka, mbwa wakabaki.

Lakini usifikirie alikuwa pasta wa jina tu. Alipofika, kulikuwa na ibada moja tu kila Jumapili. Yeye akaziongeza. Alikuwa na sauti nzito, mahubiri mafupi, na aliitwa sehemu nyingi kuhubiri ili kuchangia hospitali ya mkoa wake. Maskini wa parokia walijua mlango wake, na hata Warumaji waliopita na mahema yao, ambao wengi waliwafukuza, walikuwa marafiki zake. Ukimwuliza mtu wa Swimbridge, angekuambia pasta wetu anapenda mbwa sana, na sisi tunampenda sana.

Sifa zikafika juu kabisa. Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, akawa mshikaji wake na kumwalika nyumbani kwake Sandringham. Pasta wa kijijini wa mshahara wa kuungaunga, anakula meza moja na mfalme mtarajiwa. Na hapo Sandringham ndipo ilipotundikwa picha ya Trump iliyochorwa. Mbwa wa muuza maziwa, jameni. Ukutani mwa ikulu.

HAKUTAKA MBWA WA UREMBO

1873 kikaanzishwa Kennel Club, chama kikubwa cha mbwa Uingereza, na Russell akawa mmoja wa wanachama wake wa mwanzo. Aliwahi hata kuitwa awe jaji wa teria kwenye maonyesho. Lakini mbwa wake mwenyewe? Hakuwapeleka huko.

Maonyesho yalikuwa yanabadilisha teria. Watu walianza kuzalisha mbwa kwa ajili ya uso, mgongo ulionyooka, manyoya laini. Vitu ambavyo jaji anaona mezani. Russell alitaka vitu ambavyo jaji hawezi kuona: mapafu, pua, akili, ujasiri wa gizani. Kwake mbwa mzuri alikuwa mbwa aliyerudi kutoka shimoni akiwa amemaliza kazi. Hakujali sana sikio limekunjwa vipi.

Na kazi hiyo aliifanya kwa miaka zaidi ya 60. Kuchagua huyu, kuacha yule, kuunganisha ukoo huu na ule. Hakuwa na maabara. Alikuwa na daftari la kichwani na mashimo ya Devon kama chumba cha mtihani.

Lakini doo ni doo. Mara kadhaa maisha yalimkaba akalazimika kuachana na kundi la mbwa wake wakubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 akaliachilia kabisa. 1875 Penelope akafariki, baada ya ndoa ya karibu miaka 49. Miaka michache baadaye, akiwa na zaidi ya miaka 80, mzee akalazimika kuhama Swimbridge na kwenda kanisa la Black Torrington kwa sababu moja tu: huko mshahara ulikuwa mkubwa zaidi. Fikiria hiyo. Umri ambao watu wamekaa kwa kiti wakiota jua, yeye anahamia kituo kipya kutafuta hela, na kuacha watu aliowabatiza na kuwaoza kwa vizazi viwili.

Alifariki huko Aprili 1883, akiwa na miaka 87. Mwili ukarudishwa Swimbridge, akazikwa kwa uwanja wa kanisa lake la zamani. Watu walijaa hadi nje, matajiri na maskini pamoja. Chapaa hakuwa ameacha. Jina, aliacha.

KILICHOBAKI

Na hapo ndipo jina likaanza kuhangaika. Baada ya yeye kufa, kila mtu mwenye teria mweupe mdogo alidai ni wa ukoo wa Jack Russell. Wengine walichanganywa na mbwa wa kila aina. Kennel Club yenyewe ilichukua zaidi ya miaka 100 kutambua mbwa wa mwanachama wake: 1990 ikatambua aina ya miguu mirefu, ambayo sasa inaitwa Parson Russell, na 2016 ikatambua Jack Russell yule mfupi. Yaani mbwa wa yule msee aliyekwepa maonyesho, sasa ana namba ya maonyesho.

Na lile swali la kazi au starehe? Bunge la Uingereza lililijibu kwa njia yake. Sheria ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ilipiga marufuku mawindo ya mbweha kwa kundi la mbwa huko England na Wales. Wengi waliona ule mchezo ni ukatili, na kusema kweli, kumkimbiza mnyama kwa masaa huku umevaa koti jekundu ni ngumu kuita kazi ya shamba. Lakini ona sheria hiyo hiyo ilichoacha: kuwinda panya na sungura kwa mbwa bado kunaruhusiwa, mradi mwenye shamba amekubali. Mchezo wa wakubwa ukafungwa, kibarua cha teria kikabaki.

Na hicho kibarua kipo hadi leo. Nenda shamba la kuku au ghala la nafaka Uingereza, utakuta mkulima anaita watu wenye teria. Panya akitoka, mbwa anamkamata, anamtikisa mara moja, kwisha. Ni sekunde. Ukitumia sumu, panya anakufa siku kadhaa baadaye, na bundi akimla huyo panya, sumu inaingia kwa bundi pia. Kambwa hakana madhara hayo.

Sasa rudi kwa kale kambwa ka mtaa wa wadosi. Mwenyewe analalamika: kanachimba maua, kanabweka usiku kucha, kanatafuna viatu, hakatulii. Watu wengi duniani waliona Milo kwa skrini, wakanunua, kisha wakampeleka kwa nyumba za kutunza mbwa waliokataliwa. Wakasema mbwa ni mbaya.

Mbwa si mbaya. Ni mbwa aliyetengenezwa na mzee mmoja wa Devon kwa miaka 60 ili achimbe, abweke na asikate tamaa, halafu akafungiwa kwa keja ya ghorofa ya nne bila shughuli. Kila unachoita ukorofi ni CV yake.

Kwa hivyo kama una mpango wa kununua kambwa haka, jiulize kwanza kama una uwanja, muda na kazi ya kukapa. Hata mpira na lisaa limoja la mbio kila siku ni mwanzo. Kama huna, tafuta mbwa wa kulala. Na ukipita Swimbridge siku moja, Mungu akikufungulia njia, kuna baa hapo kijijini inaitwa Jack Russell Inn, na kaburi la pasta liko karibu. Msalimie. Mwambie mbwa wake bado wanasumbua, vile alivyotaka.